Mninga na Mkereza

Katika kata ya Kalangalala, hapa mjini Geita, ambako akthari ya watu hupima utajiri wa ardhi kwa kile kilichofichwa chini yake, ulisimama hata mwaka juzi mninga mmoja mkongwe ambao nyumba ziliuzunguka pande zote, ukawa kama babu aliyejaliwa kuwaona wajukuu wakijaza ua. Kiwanja kilipouzwa, na msingi wa nyumba mpya ukapimwa juu ya mizizi yake, hapakuwa na hila tena ya kuuokoa. Kibali kiliombwa, kikatolewa, na mti ukaangushwa asubuhi moja ya kiangazi. Vumbi halijatua, vijana wawili walikwisha fika na mashoka yao wakiuliza bei ya gogo zima, wapate kulikata vipande na kulifukia katika tanuri la mkaa.

Siwalaumu vijana wale hata kidogo, kwani chungu cha maskini hakisubiri mawaidha, na matawi ya mti ule, pamoja na magome na vipande vyake vilivyopinda, vilikuwa haki ya jiko tangu mwanzo. Nililolikataa ni kuchomwa kwa shina. Moto una dhuluma moja ambayo watu hawaiangalii, nayo ni kwamba haujui nasaba: mninga, mkora, mtundu na mwembe huingia tanurini kila mmoja na jina lake, na hutoka yote ikiwa kitu kimoja cheusi kinachouzwa kwa gunia, hata watoto wetu wa mjini wanajua mkaa na hawajui tena miti. Na mkaa wenyewe ni haba, maana tanuri la udongo aghalabu hurudisha baina ya ushuri na humusi ya uzito wa kuni zilizotiwa, na kilichosalia huwa kimekwenda na moshi.

Yafaa ijulikane, zaidi ya hayo, jinsi mninga unavyolelewa. Mbegu yake, iliyomo katikati ya tunda lenye miiba na ubawa wa mviringo mwembamba kama karatasi, huota wakati wa mvua, na kiangazi kinapokuja mche hufa hata usawa wa ardhi kwa ukame au kwa moto wa nyika. Mvua zikirudi huchipua tena, ukafa tena, na hali huwa hiyo mwaka baada ya mwaka, ilhali mzizi uliofichika unaneneka taratibu, mpaka siku moja upate nguvu za kusukuma shina moja refu kupita ndimi za moto. Mti wa namna hiyo umekwisha kuchomwa utoto wake wote. Kuungoja ufike uzee kisha kuurudisha motoni ni jambo ambalo moyo wangu haukulikubali, nikaongeza bei kidogo juu ya bei ya vijana, na gogo likawa langu.

Nchi hii ya Usukuma ina sababu nyingi za kuuthamini mti. Wazee wetu walifyeka pori ili kuwafukuza mbung'o, wakafyeka tena kupanda pamba, na Shinyanga ikawa uwanda mtupu ambako watu walipika kwa mabua ya pamba na mavi ya ng'ombe. Na mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulioitwa HASHI, ulipoanzishwa mwaka 1986, dawa yake kubwa haikutoka ng'ambo, bali ilikuwa ngitili, ile desturi ya kale ya kutenga malisho na kuyapumzisha wakati wa mvua, ambayo chini yake miti nayo ilipata kurudi. Huku Geita shoka limekuwa na kazi yake nyingine, kwa kuwa maduara ya wachimbaji wadogo hushikiliwa na matimba, magogo yanayozuia ukuta wa shimo usimmeze mtu. Na hapo sina neno, maana roho ya mtu ni ghali kuliko mti wowote.

Wapasuaji walikuja na uzi uliochovywa katika unga mweusi wa betri kuukuu, wakauvuta toka kichwa cha gogo hata mguuni, mmoja akaunyanyua kwa ncha za vidole na kuuachia, nao ukapiga mstari mnyofu kuliko wowote ambao kalamu yangu imepata kuuchora. Zamani kazi hii ilifanywa juu ya shimo kwa msumeno wa watu wawili, wa juu akiongoza mstari na wa chini akivuta huku unga wa mbao ukimwagikia machoni. Siku hizi ni chensoo, ambayo ni ya haraka lakini hula mbao nyingi kila inapopita. Gogo lilipofunguka tuliona nje weupe wa siagi, na ndani kiini cha hudhurungi chenye michirizi ya damu ya mzee, na ukatoka manukato ambayo yaliwaleta majirani uani. Mbao zilipangwa kivulini, vijiti katikati ya kila mbili ili hewa ipite, na vichwa vyake vikapakwa rangi visipasuke. Kisha zikaachwa, maana kanuni ya mafundi ni mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na subira hiyo ni nusu ya ufundi wenyewe.

Watu wa pwani wana neno zuri la kazi iliyofuata: kukereza, na chombo chake keezo, na matendegu ya vitanda vya zamani vya Lamu na Unguja ni ithibati ya ustadi wao. Bara nako hatukuwa mikono mitupu, kwani kiti cha enzi cha mtemi kilitukuzwa hata pale Bujora, karibu na Mwanza, jengo la kifalme la makumbusho ya Wasukuma likajengwa kwa umbo lake. Lakini viti hivyo vilichongwa kwa tezo. Mkereza wangu, kijana wa hapa hapa mjini, ameliunda keezo lake kwa mota ya umeme na vyuma chakavu. Alikibana kipande cha mraba baina ya ncha mbili, akawasha, akakiegemeza chuma cha bobari juu ya mhimili wake. Mwanzo zilisikika kelele za pembe zikigonga, ta-ta-ta, kisha pembe zikaisha, sauti ikalainika ikawa kama mvua juu ya majani, na maranda yakaanza kutoka marefu, yakijiviringisha juu ya mkono wake hata kiwikoni. Kila baada ya kitambo alizima mashine, akafumba macho, akapitisha kiganja juu ya mti. Nilimuuliza kwa nini hatazami. Akasema, "Jicho hudanganywa na rangi, mzee, kiganja hakidanganywi."

Miguu minne ya kigoda ilikwisha jioni ile, nacho sasa kipo barazani kwangu, na wageni wanaokikalia huulizwa kwanza jina la mti. Maranda na mabaki ya msumeno yalipika maharage ya nyumba yetu kwa muda mrefu, na vijana wawili wa mkaa walipewa matawi yote bila malipo. Zimesalia mbao mbili nene, za inchi tatu, ambazo bado zimo kivulini na vijiti vyake. Zitakuwa tayari mwakani, mvua za masika zikiisha.