Mhakiki na Vijana Wawili wa Chicago

Roger Ebert alihakiki sinema katika gazeti la Chicago Sun-Times tangu 1967 hadi alipofariki 2013. Sisi twamheshimu hasa kwa jinsi alivyoitetea Hoop Dreams ya 1994, filamu ya maisha halisi inayowafuata kwa miaka kadhaa vijana wawili weusi wa mji huo, William Gates na Arthur Agee, wanaotumaini kuinuliwa na mpira wa kikapu. Yakaribia saa tatu, wala haina mwigizaji. Ebert aliitaja kuwa filamu bora ya mwaka ule. Wenye tuzo za Oscar hawakuiteua katika fungu la filamu za aina yake. Tulipoitazama, mchezo haukutugusa sana. Kilichotugusa ni nyumba ya akina Agee iliyokatiwa umeme, na mama yao akifuzu mafunzo ya uuguzi msaidizi huku machozi yakimtoka. Ile ishara ya kidole gumba, aliyoizoesha katika televisheni pamoja na Gene Siskel, hatukuipenda kamwe: iliwafundisha watazamaji kungoja hukumu na kuisahau hoja. Gazetini, lakini, hoja zilikuwamo, na ndizo zilizotufanya tuitafute filamu hii.