Pipi za Mtoto ni za Nani?

Huko Marekani kuna siku waiitayo Halloween, tarehe 31 Oktoba ya kila mwaka, mkesha wa sikukuu ya Wakristo ya Watakatifu Wote. Watu wa Ireland na Uskoti walihamia huko kwa wingi katika karne ya 19, wakaenda nayo. Watoto huvaa vinyago na nguo za kutisha, wakapita nyumba kwa nyumba wakati wa magharibi wakiomba pipi, na hurudi kwao na mifuko imejaa. Siku hiyo si yetu, wala sina haja ya kuirefushia maneno. Waislamu wakaao huko wana mashekhe wao wa kuwaongoza. Nitakalo kulisema ni lile linalotokea baada ya mtoto kurudi nyumbani na mfuko wake, kwani hilo linatokea kwetu pia, na kwa upande mmoja, nitakaoueleza, sisi tumewazidi kwa ubaya.

Mwaka 2011 mchekeshaji mmoja wa televisheni ya huko, Jimmy Kimmel, aliwataka wazazi wamfanyie kitu. Mtoto akiamka, baba au mama amwambie kwamba pipi zake zote zimeliwa usiku alipokuwa amelala. Kisha ampige picha anavyolia, aipeleke ikaonyeshwe. Wazazi wakafanya, watoto wakalia, wengine wakafoka na kujitupa chini, na watu kwa mamilioni wakatazama na kucheka. Mchezo ukapendwa, ukarudiwa miaka iliyofuata.

Picha hizo nilionyeshwa na kijana mmoja hapa Chidya katika simu yake, tumekaa barazani, na vijana wenziwe wakacheka sana. Nilizitazama mara mbili. Mara ya pili nilimwomba aiue sauti, nikatazama nyuso peke yake. Jaribu nawe, ndugu msomaji, ukizipata. Ukiondoa kicheko cha watazamaji huoni cha kuchekesha. Unamwona mtoto wa miaka minne au mitano amemkazia macho mama yake, hajalia bado, anapima kama maneno yale ni ya kweli. Analia pale anapoyasadiki. Pipi zenyewe ziko kabatini, hazijaguswa. Mtoto analizwa kwa kuwa amemwamini mama yake. Mtoto asiyemwamini mzazi wake hawezi kulizwa hivyo, na mchezo ungeharibika. Ndiyo maana naona mchezo huu ni mbovu hata kwa kipimo cha wachekeshaji wenyewe: unahitaji kila mwaka mtoto mpya ambaye bado hajadanganywa.

Na kwa kipimo chetu sisi je? Mtume s.a.w. amempa ole mtu asemaye uongo ili awachekeshe watu, na akalikariri neno hilo la ole. Amekataza mtu kuchukua kitu cha nduguye, iwe kwa mzaha au kwa kweli. Hadithi hizi mbili zimo katika Abu Daud na Tirmidhi, na wanafunzi wetu huzisoma wakadhani zahusu watu wazima tu. Lakini iko hadithi nyingine ya Abu Daud, nayo ni ya mtoto khasa. Abdullahi bin Amir alisimulia kwamba mama yake alimwita siku moja, hali Mtume s.a.w. amekaa nyumbani kwao, akamwambia aje ampe kitu. Mtume akamwuliza yule mama amekusudia kumpa nini. Akajibu kuwa ni tende. Mtume akamwambia kwamba lau asingempa kitu angeandikiwa uongo. Tende moja, wazee wenzangu! Kitu ambacho sisi tungekiita maneno ya kumbembeleza mtoto, tena kwa mama aliyekuwa kweli na nia ya kutoa.

Sasa tuje kwetu.

Sisi hatuna Halloween, bali tuna Idi. Asubuhi baada ya sala, watoto wa pwani nzima, tangu Lamu mpaka Mikindani, huvaa nguo mpya wakapita kwa majirani na jamaa kupewa mkono wa Idi. Unguja huenda nao Mnazi Mmoja, Chake Chake huenda nao Tibirinzi, wakanunua pipi, ubuyu na vidude vya kuchezea. Jamaa zetu walioko Oman wana pia usiku wa nusu ya Ramadhani, ambapo watoto hupita milangoni na mifuko yao wakipewa pipi, njugu na vijisenti, huita Qaranqasho. Haya ni mambo mazuri, yanamfanya mtoto aipende dini yake kabla hajaweza kuisoma.

Lakini mtoto akirudi nyumbani husikia neno moja: "Lete nikuwekee." Neno hili halina tafsiri katika lugha za wenzetu, kwa sababu maana yake kwetu imekuwa kinyume cha herufi zake. Kuweka ni kuhifadhi. "Nikuwekee" ya Idi ni fedha ambayo haitaonekana tena. Mama hununulia mafuta ya taa au sukari, baba hununulia vocha, na mtoto akiuliza baada ya siku tatu huambiwa, "Na wali unaokula unatoka wapi?" Yule Mmarekani wa televisheni alidanganya kwamba amekula, naye hakula. Sisi twasema tumeweka, nasi tumekula. Huo ndio upande niliosema tumewazidi.

Mtu atasema: Sheikh, mtoto na mali yake yote ni vya baba, na hadithi ipo. Ndiyo, ipo, imepokewa na Ibn Majah na wengineo, na kila mzazi anaijua hata asiyejua hadithi nyingine yoyote. Lakini maulamaa wengi, na miongoni mwao wa madhehebu yetu ya Shafi, wameifasiri kuwa ni ya wema na haja: baba aliye muhitaji ana haki ya kulishwa katika mali ya mwanawe. Hawakuifasiri kuwa baba ndiye mwenye mali. Na dalili yao ni nyepesi hata mtoto wa chuo anaifahamu. Katika Suratun Nisaa Mwenyezi Mungu amemwekea baba sudusi, yaani sehemu moja katika sita, mwanawe akifa akaacha watoto. Kama mali yote ingekuwa ya baba tangu mwanzo, sudusi hiyo angeirithi ya nini?

Basi fedha na pipi alizopewa mtoto na jirani ni milki ya mtoto. Baba ni walii, na baada yake babu. Mama, kwa kauli yenye nguvu katika madhehebu yetu, hana uwalii wa mali ila akipewa, jambo litakalowashangaza kina mama wengi, maana wao ndio wenye mikebe. Kazi ya walii ni kuitazama mali ile kwa maslaha ya mwenyewe. Baba aliyempa mwanawe kitu kwa mkono wake mwenyewe aweza kukirejesha maadamu bado kiko katika milki ya mtoto. Hilo wanachuoni wa Shafi wamelisema. Lakini alichotoa jirani si chake cha kurejesha. Ile aya yenye tisho la moto kwa wanaokula mali za mayatima imeteremka kwa mayatima, na mwenye baba si yatima. Nasema tu kwamba sababu ya ukali wake ni udhaifu wa mwenye mali, na mtoto wa miaka sita hana nguvu za kumshitaki baba yake kwa mjumbe.

Hapa kwetu, Masasi na Newala, jambo hili lina uzito kuliko pipi. Oktoba ni msimu wa korosho. Watoto huokota zilizobaki chini ya mikorosho baada ya wakubwa kuvuna, wakakusanya bakuli kwa bakuli. Mwaka 2018 Serikali ilipoamua kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, kilo tatu za mtoto zilikuwa karibu shilingi 10,000. Hata kama mchuuzi wa kangomba alimlipa nusu yake, hiyo ni fedha ya madaftari ya muhula. Namjua kijana, jina nalihifadhi, ambaye baba yake alimwekea fedha za misimu miwili mfululizo. Msimu wa tatu akaanza kuuza korosho zake usiku, na za baba yake pia. Baba akaja kwangu kulalamika kuwa mwanawe amekuwa mwizi, nisome dua. Nikamwuliza fedha za misimu miwili ziko wapi. Alikaa kimya, kisha akaomba ruhusa aende zake. Dua nilisoma.

Jambo la pili la huku ni wali wa jando na unyago. Wanapotoka hutunzwa: noti, khanga, kuku, vyombo. Kesho yake wazazi hukaa wakahesabu, wakalipa madeni ya sherehe, na mwali habakiwi ila na nguo aliyovaa. Hapa nataka niwatendee haki wazazi, kwani mas'ala haya yana khitilafu ya kale. Wanaosomesha Fathul Mu'in wanajua kwamba zawadi zinazoletwa wakati wa khitani kuna waliosema ni milki ya baba na waliosema ni milki ya mtoto. Lakini khitilafu hiyo ni pale mtoaji alipotoa bila kumkusudia yeyote. Akiwa amekusudia, ni ya aliyekusudiwa. Nawe huku umemwona shangazi akimwendea mwali mwenyewe, akampachika noti kichwani na kumtaja kwa jina lake jipya. Je, hapo bado unauliza alimkusudia nani? Sahani na mchele aliokabidhiwa baba mlangoni ni neno jingine, na baba avitumie kwa amani.

Msinifahamu vibaya mkadhani nasema mtoto aachiwe mfuko mzima wa sukari aumalize usiku mmoja. Walii aliyemwacha mtoto aharibu meno yake hakufanya uwalii. Hata Marekani wako waganga wa meno wanaonunua pipi za watoto kwa uzito baada ya siku ile, na wazazi wanaotoa pipi moja moja kwa siku, na nawasifu. Na Mwislamu aliyeko huko ana kazi ya ziada, kwani baadhi ya zile pipi laini za kutafuna zina jelatini itokanayo na nguruwe; hizo lazima zitoke mkononi mwa mtoto hata akilia.

Lakini tazama namna ya kutoa. Bukhari na Muslim wamepokea kwamba Hasan bin Ali, naye mtoto mdogo, alichukua tende katika tende za sadaka akaitia kinywani. Babu yake, Mtume s.a.w., akamkemea aitoe. Kisha akamwambia sababu: kwamba wao, watu wa nyumba ile, hawali sadaka. Mtoto ambaye bado hajafikia umri wa kuchambua fikhi aliambiwa hukumu na sababu yake kwa maneno yaliyo wazi. Hakuambiwa kuwa tende imechukuliwa na paka, wala kuwa atawekewa. Basi na wewe ukiitoa pipi sema kwa nini, na ukiweza umpe badala yake iliyo halali. Ukiweka fedha, ihesabu mbele yake, itie katika mkebe anaoujua, na atakapotaka kuiona mwonyeshe. Ukiihitaji kumnunulia madaftari, una njia, kwani mtoto mwenye mali hugharamiwa katika mali yake. Ila mwambie kuwa madaftari haya ni fedha yako ya Idi, aende nayo shuleni akijua ni yake. Na ukiikopa kwa shida ya nyumba, iandike kama uandikavyo deni la duka.

Wengine huona haya kumwomba mtoto ruhusa. Mtume s.a.w. aliletewa kinywaji, kuliani kwake yuko kijana mdogo (baadhi ya maulamaa wamesema ni Ibn Abbas) na kushotoni kwake wako wazee. Haki ilikuwa ya wa kulia. Akamwomba kijana idhini awape wazee kwanza. Kijana akakataa, akisema fungu lake kutoka kwa Mtume hampi mtu. Mtume akamtia chombo mkononi mwake, na wazee wakangoja. Sijui ni baraza gani ya kwetu leo ambayo kijana angejibu vile akasalimika na kofi.

Nimeulizwa mara nyingi na wazazi wa makamo kama hizo walizochukua zamani zingali dhimmani mwao, nao watoto sasa ni watu wazima wenye watoto wao. Jawabu ni kuwa ulichokula bila haja wala njia ya sharia ni deni. Mwite mwanao, mtajie unachokikumbuka, umlipe au umwombe akusamehe. Ama yule ambaye mtoto wake bado hajabaleghe, asiharakie kumwambia "nisamehe" akajiona ametua mzigo, kwani mtoto hawezi kusamehe mali yake mpaka abaleghe na awe na rushdi. Huyo na alipe tu.