Jicho la Mpima Damu

Mtazame mpima damu wa zamani akiwa kazini. Tone moja analitandaza juu ya kioo, analiacha likauke, analipaka rangi, kisha anainamia hadubini na kuisoma damu ile kona kwa kona. Hatafuti malaria peke yake. Anatafuta chochote kisichostahili kuwamo.

Ufundi huo una kaburi Kasongo, Kongo. Joseph Everett Dutton, daktari kutoka Liverpool, alifia pale tarehe 27 Februari 1905, kwa homa ya kimputu aliyokuwa akiichunguza.

Hakuwa wa kwanza kumshuku kimputu, kupe anayeeneza homa hiyo. Wenyeji walimjua. Livingstone, ambaye vidonda vya miguu vilimlaza Kabambare mwaka 1870, alikuwa amekwisha kuandika habari za kupe huyo mwaka 1857. Alikosekana mtu wa kukaa na jambo hilo hadi mwisho wake.

Dutton na mwenzake John Todd walikaa nalo. Kimputu hujificha mchana katika nyufa za sakafu ya udongo, usiku hutoka kunyonya. Kule Stanley Falls, Kisangani ya leo, waliwaacha kupe hao wawaume tumbili, wakangoja, wakapima damu: vijidudu vyembamba, vilivyojisokota, vikijipenyeza kati ya chembe nyekundu. Wengi wangeishia hapo. Wao wakatunza mayai ya kimputu hadi yakaanguliwa, na wale wachanga, ambao hawajaonja damu ya mgonjwa yeyote, wakawauma tumbili wakaugua. Kumbe mama humrithisha mwanawe ugonjwa! Ndipo ikaeleweka kwa nini nyumba moja huweka homa miaka na miaka. Madaktari Ross na Milne walikuwa wakigundua Uganda kuwa kimputu hueneza homa hiyo, na Koch katika Afrika Mashariki ya Wajerumani, lakini kijidudu kilipewa jina la Dutton: Borrelia duttonii.

Siku hizi kuna kipimo cha haraka cha malaria, nacho kimeokoa wengi pasipo na umeme. Ila borrelia hakiioni. Mgonjwa wa kimputu huambiwa hana malaria, akarudi nyumbani. Homa ikashuka yenyewe, watu wakashukuru, halafu ikarudi. Mjamzito anaweza kupoteza mimba kwa ugonjwa ambao penisilini huutibu. Tunawafundisha vijana kusoma mstari wa kipimo, si damu. Wazee wanaoweza kuutofautisha uzi wa borrelia na uchafu wa rangi wanastaafu, na hatujawaketisha wanafunzi kando yao.