Sikio Kwanza, Ulimi Baadaye: Juu ya Mashine za Kufundishia Matamshi

Siku hizi mwalimu wa lugha ya kigeni huweza kupata mashine za namna tatu za kumsaidia katika matamshi: ile ionyeshayo sauti kwa picha, ile itoayo alama, na ile imsikilizishayo mwanafunzi sauti za watu wengi. Zote husifiwa kwa kauli moja. Sisi twaona hazistahili sifa sawa, na kusudi letu hapa ni kuzipima moja moja.

Kuonyesha sauti kwa picha si jambo jipya. Padre Mfaransa Jean-Pierre Rousselot, aliyefariki mwaka 1924, alitumia pipa lizungukalo lililovikwa karatasi yenye masizi, na sindano iliyochora juu yake mitetemo ya msemaji. Wala hakuwasahau wanafunzi, maana mwaka 1902, pamoja na Fauste Laclotte, alitoa kitabu cha matamshi ya Kifaransa. Leo kazi kama ile hufanywa na Praat, programu ya kompyuta iliyotungwa na Paul Boersma na David Weenink wa Chuo Kikuu cha Amsterdam, nayo hupatikana bure. Faida yake ni dhahiri. Mgeni ajifunzaye Kimvita huambiwa kwamba paa la nyumba hutamkwa bila pumzi, na paa mnyama hutamkwa kwa pumzi. Lakini sikio lake halipambanui. Katika picha ataona kwamba baada ya midomo kufunguka, irabu huanza mara moja katika neno la kwanza, na huchelewa kidogo katika la pili. Walakini kuona si kusikia. Sokoni hakuna picha, na asiyefunzwa sikio atarudia kosa lile lile.

Mashine za alama ndizo tuzishukuzo. Mashine hiyo hulinganisha maneno ya mwanafunzi na kielelezo kilichowekwa ndani yake, kisha humpa hesabu iliyo kama hukumu. Je, kielelezo hicho ni cha nani? Kiswahili sanifu kilijengwa juu ya Kiunguja, kwa azimio la mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928. Mashine iliyolishwa sauti za namna moja tu yaweza kumhesabia kosa mgeni aliyefunzwa vema na wazee wa Mvita. Tena hupima kufanana, wala haipimi kueleweka. Murray Munro na Tracey Derwing walichunguza huko Kanada Kiingereza cha watu ambao lugha yao ni Kichina cha Mandarin, wakaonyesha mwaka 1995 kwamba maneno yaliyosemwa kwa lafudhi nzito huweza hata hivyo kueleweka kabisa. Basi mwanafunzi anayeeleweka, akipewa alama ya chini kila siku, huona haya, akanyamaza. Na aliyenyamaza hana njia ya kuendelea.

Yabaki namna ya tatu, nayo twaisifu bila kusita. Mwaka 1991 Logan, Lively na Pisoni, huko Marekani, waliwazoeza Wajapani kupambanua r na l za Kiingereza kwa kuwasikilizisha maneno yaliyosemwa na watu kadha wa kadha. Mwaka 1993 wataalamu hao hao walionyesha kwamba waliozoezwa kwa sauti ya mtu mmoja tu walishindwa kuutumia ujuzi huo walipomsikia msemaji mgeni. Kisha mwaka 1997 Ann Bradlow na wenzake walionyesha kwamba Wajapani waliozoezwa kusikiliza tu waliendelea katika kutamka pia, ingawa hawakufundishwa kutamka.

Jambo hili latuhusu hasa. Shuleni mwetu wamo wengi ambao lugha ya mama haiwatenganishii r na l, nao hukemewa kwa ulimi mzito, hali kosa huenda limo sikioni. Yafaa mwalimu awarekodi kwa simu wazee, akina mama na vijana wakisema kura na kula, hari na hali. Kisha awasikilizishe wanafunzi, nao waseme ni neno lipi walilosikia, na kuambiwa papo hapo kama wamepata au wamekosa. Picha na zitumike pale sikio linaposhindwa kabisa. Ama alama za mashine, mwalimu asizisome mbele ya darasa kabla ya kumsikiliza mwanafunzi kwa masikio yake mwenyewe.