Mwanamke wa Dukani

Msomaji, yamkini umepata kuingia dukani ukamwamkia mwuzaji, naye asikuinulie hata macho. Nchini Japani jambo hilo ni nadra. Mguu wa mnunuzi ukikanyaga kizingiti, mwuzaji hupaza sauti, "Irasshaimase!" yaani karibu, na mnunuzi hapaswi kujibu neno. Juu ya salamu hiyo isiyojibiwa Bibi Murata Sayaka amejenga riwaya nzima, Konbini Ningen, maana yake Binadamu wa Konbini, iliyotunukiwa Tuzo ya Akutagawa mwaka 2016. Nataka tuipime pamoja, kwa kuwa wengi huisoma wakalilaumu duka kuliko linavyostahili.

Konbini ni duka dogo ambalo aghalabu halifungwi usiku wala mchana. La kwanza la Seven-Eleven huko lilifunguliwa Tokyo mwaka 1974, na leo maduka ya namna hii nchini yapita 50,000. Humo mtu hununua tonge la wali, chai, mshikaki wa kuku au soksi, hata ankara ya umeme huilipia hapo hapo. Mwandishi hakuyaona haya kwa mbali: alikuwa kibarua wa konbini hata wakati alipopata tuzo.

Mhusika wake, Keiko, tangu utoto hakujua watu watakacho. Siku moja watoto wenzake walimlilia ndege aliyekufa bustanini. Yeye akamchukua akampelekea mamaye, akashauri wamle, kwani baba hupenda kuku wa kuchoma. Hakuwa mkatili. Alitaka kumfurahisha babaye. Alipoona kila alitendalo lawatia watu hofu, akaamua kunyamaza. Akiwa na umri wa miaka 18 akaajiriwa konbini, na huko, kwa mara ya kwanza, akaonyeshwa yote: namna ya kutabasamu, namna ya kukaribisha, namna ya kupokea fedha. Twamkuta ana miaka 36, yungali kibarua pale pale, na meneja wake ni wa nane.

Wako wasemao kwamba duka limemgeuza mashine. Mimi sikubali. Biashara ya maneno machache ina historia ndefu katika nchi ile. Wafanyabiashara wa vitambaa wa zamani walipeleka bidhaa majumbani mwa wakubwa, wakauza kwa mkopo, bei ikifuata uso wa mtu na ufundi wa ulimi wake. Mwaka 1673 Mitsui Takatoshi akafungua duka la Echigoya mjini Edo, ndio Tokyo ya leo, akauza kwa fedha taslimu na kwa bei moja kwa wote. Mwandishi Ihara Saikaku alilisifu duka la namna hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1688. Basi fikiri: pasipo kupatana bei, hapahitajiwi werevu wa kusoma nyuso. Mtu kama Keiko angepotea siku ya kwanza mbele ya mnunuzi mbishi. Penye bei moja na salamu moja yu sawa na wenzake, pengine awapita.

Ukali wa riwaya hii uko nje ya mlango wa duka. Rafiki zake humwuliza mume yuko wapi, na mdogo wake humtungia uwongo wa kuwajibu. Ili wanyamaze, Keiko amweka nyumbani mwanamume mvivu, Shiraha, aliyekuwa amefukuzwa dukani. Hapo ndipo mwandishi afikapo kileleni. Meneja, ambaye siku zote huzungumza naye habari za kazi tu, asikiapo ana mwanamume hufurahi kupita kiasi. Yeye na wafanyakazi wengine wamzingira kwa maswali, ilhali mishikaki ya kuku inangoja kuandaliwa. Keiko ashtuka: kumbe hata hawa hawakuwa watu wa duka kama alivyodhani! Kurasa hizo zachekesha na kuumiza kwa pamoja.

Shiraha mwenyewe hakuchorwa vizuri. Kila afunguapo kinywa hurudia kwamba dunia haijabadilika tangu zama za mawe. Mara ya pili twaelewa, mara ya tano twachoka. Kosa kubwa zaidi ni la ukimya. Mtu ametumika miaka 18 na bado ni kibarua, nani afaidikaye? Mwenye kampuni hatumwoni hata kivuli chake, na habari ya ujira yapitishwa haraka, kama mwandishi anayelionea haya duka alipendalo.

Mwishoni Keiko, ambaye ameacha kazi, yumo njiani kwenda kuhojiwa kwa kazi nyingine. Aingia konbini asiyoijua, aona rafu zimevurugika, na mikono yake yaanza kuzipanga bila kuagizwa. Amwambia Shiraha atarudi dukani, naye apiga kelele za ghadhabu. Nilipofika hapo nilimfurahia kwa moyo wote. Kisha nikaukumbuka ujira wake, nikarudi nyuma kurasa kadhaa kutafuta kama umetajwa vya kutosha.