Kuipima mikisa ya kidijitali

Mikisa ya kidijitali hupokea sauti kutoka kwa maiki na ala, huigeuza kuwa namba, huitengeneza na kuichanganya ikiwa bado namba, kisha huirudisha kuwa umeme unaokwenda kwenye spika. Ubora waweza kupimwa katika kila hatua, ila hatua hizo hazina uzito mmoja. Westlands, Nairobi, uzito huo huamuliwa na aina ya kazi. Mashine ile ile ya kukodi huweza kuwa kwenye mkutano wa kampuni hotelini siku ya Alhamisi, kwenye maonyesho ya Sarit Expo Centre Ijumaa, kwenye harusi pale Visa Oshwal Centre Jumamosi, na Jumapili asubuhi ikawa kanisani Parklands. Kila mahali huishika fundi mwingine, ambaye mara nyingi hapewi zaidi ya saa moja ya kuizoea. Mikisa nzuri hapa, basi, ni ile ambayo mgeni anaielewa upesi, na ambayo mambo yakiharibika hurudi kazini bila kubembelezwa.

Upimaji huanza kwenye preampu, sehemu inayoinua sauti hafifu ya maiki kabla haijageuzwa namba. Kasoro ya hapa hakuna kitufe cha mbele kinachoiponya. Fundi huchomeka maiki ya kawaida ya kuimbia, huvaa hedifoni na kupandisha gein hadi desibeli 50 hivi, pasipo mtu kusema neno. Preampu safi hutoa mvumo mwembamba usiobadilika. Iliyo duni hunguruma au kukwaruza gein inapokaribia mwisho. Kila tundu hujaribiwa kivyake, pamoja na umeme wake wa volti 48 unaohitajika na maiki za kondensa, kwa sababu tundu moja bovu kati ya 32 hujulikana tu siku ya kazi.

Mita nazo zatakiwa kusomeka. Kwenye mikisa za analogi sauti iliyozidi ilichafuka taratibu, na wengine waliupenda uchafu huo. Kwenye dijitali, sauti ikifika sifuri, yaani kikomo cha juu cha mita, hukatwa papo hapo na hairudi. Ndiyo maana mafundi wengi huacha wastani wa sauti uwe karibu desibeli 18 chini ya sifuri hiyo. Skrini isiyoonekana chini ya jua la saa saba kwenye bustani ya harusi ni kasoro halisi, hata kama ndani ya duka iling'aa vizuri.

Namba inayopendwa na wauzaji ni ya kilohezi, yaani maelfu ya mara ambazo sauti hupimwa kila sekunde. Behringer X32, iliyotoka mwaka 2012 na kuzileta mikisa za aina hii karibu na mifuko ya makanisa mengi, hufanya kazi kwa kilohezi 48; Allen & Heath SQ ya mwaka 2017 hutumia 96. Kilohezi 48 hubeba sauti hadi karibu kilohezi 24, na sikio la binadamu halivuki 20. Faida iliyo wazi zaidi ya 96 ni kupunguza kuchelewa kwa sauti ndani ya mashine, na hata hapo mashine zote mbili huchelewesha kwa chini ya milisekunde moja. Hewani sauti husafiri sentimita 34 hivi kwa milisekunde. Mpiga gitaa aliyesimama mita mbili kutoka kwenye monita yake tayari amecheleweshwa milisekunde sita, wala halalamiki. Mwenye haki ya kulalamika ni mwimbaji aliyevaa monita za masikioni, kwa kuwa sauti yake humfikia pia kupitia mifupa ya kichwa, na zile mbili zikipishana kidogo hulana.

Uso wa mashine ndio unaotenganisha bora na ya wastani. Yamaha ilipoitoa 02R mwaka 1995, fada (vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti) zinazojisogeza zenyewe kwa mota bado hazikuwa jambo la kawaida. Leo ni za kawaida, na ubora wake hutofautiana sana. X32 ina fada 25 za kuhudumia chaneli 32 na mikusanyo 16 ya sauti, kwa hiyo fada ile ile hubeba kazi tofauti kulingana na ukurasa uliofunguliwa. Jaribio lake ni rahisi: mtu asiyeijua mashine huambiwa ampunguzie mpiga kinanda ngoma kwenye monita yake, na mibonyezo yake huhesabiwa. Miwili ni sawa. Ikifika mitano, basi siku maiki itakapoanza kulia, mlio wake utakuwa umeshawaziba wageni masikio kabla fundi hajafika panapohusika. Kisha mipangilio miwili iliyohifadhiwa huitwa kwa zamu, mara kumi mfululizo. Fada zote zinapaswa kutua palepale kila mara, bila kutetemeka.

Ikwalaiza, kompresa na geti ziko kwenye kila mashine, na tofauti kubwa ni wepesi wa kuzifikia. Kichujio cha kukata sauti nzito kinapaswa kuwa na kitufe chake usoni, maana kwenye hotuba kukata chini ya hezi 100 husafisha ukumbi wa vioo na vigae kuliko nyongeza yoyote. Kompresa hujaribiwa kwa mhubiri anayeanza kwa kunong'ona akaishia kupaza sauti: ikimshika bila kusikika ikivuta pumzi, inatosha. Madoido ya mwangwi hayastahili muda mrefu; ya mashine nyingi yanafaa, na fundi hutumia mawili.

Njia za kutokea zina uzito zaidi tangu Machi 2020, ibada za hadhara zilipositishwa nchini Kenya na makanisa yakahamia mtandaoni. Sauti ya ukumbini haifai kwa simu ya mtazamaji, kwani ngoma zinazosikika zenyewe ukumbini hupotea mtandaoni. Mikisa inayofaa hutoa mchanganyo wa pili wenye kompresa na ikwalaiza yake, usioguswa na fada za ukumbini.

Kuiendesha kwa tableti ni faraja mpaka watu wajae. Katikati ya majengo ya ofisi na mikahawa ya Westlands, masafa ya gigahezi 2.4 yamesongamana, hivyo ruta ya nje ya gigahezi 5 ni ya lazima, na mashine isiyo na fada kabisa huwa kamari.

Jaribio la mwisho ni la stima. Wimbo ukiendelea, waya wa umeme huchomolewa na kurudishwa, kama inavyotokea ukumbi unapohamia jenereta. Sekunde huhesabiwa hadi sauti irejee. Mpangilio unapaswa kurudi ulivyokuwa, na spika zisipigwe mshindo. Kwa mashine iliyotumika, fundi huongeza mambo mawili: huisikiliza feni kama imejaa vumbi, na huuliza kama fada za akiba zinapatikana Nairobi au lazima ziagizwe.