Thamani ya Mng'ao na Ushahidi wa Matumizi: Uhakiki wa Vigezo vya Ukusanyaji wa Vyombo vya Sunderland

Sehemu hii inahakiki vigezo vinavyotumiwa na wakusanyaji kupima ubora wa vyombo vya udongo vyenye mng'ao wa madini vilivyotengenezwa Uingereza katika karne ya 19, hususani vile vya rangi ya waridi vinavyohusishwa na mji wa bandari wa Sunderland. Hoja kuu ni kwamba kigezo cha ukamilifu wa mng'ao, ingawa kina mashiko sokoni, kinapotosha historia ambayo ukusanyaji hudai kuihifadhi.

Hoja hii inatokana na namna vyombo hivyo vilivyotengenezwa. Mfinyanzi alipaka myeyusho wa madini juu ya chombo kilichokwisha kuchomwa, kisha akakichoma tena kwa moto mdogo. Platini ilitoa sura ya fedha. Dhahabu juu ya udongo wa kahawia ilitoa sura ya shaba, na juu ya udongo mweupe ilitoa rangi ya waridi. Utando uliobaki ulikuwa mwembamba mno, hivyo kushikwa na kusuguliwa mara kwa mara kuliufifisha. Kwa hiyo, mkusanyaji anayechagua mng'ao usio na dosari huelekea kuchagua chombo kilichokaa rafuni. Jagi lililomiminiwa kinywaji kila siku hushushwa thamani kwa sababu ya matumizi yaleyale yaliyolipa maana.

Upotoshaji huo unadhihirika zaidi tunapozingatia maandishi. Majagi mengi yana picha ya daraja la chuma juu ya mto Wear, lililofunguliwa mwaka 1796, pamoja na beti za baharia anayeagana na mpenzi wake. Beti hizo zilikusudiwa kusomwa na watu wa nyumbani. Mpini uliofifia ni dalili kwamba chombo kilishikwa, na pengine beti zake zilisomwa. Orodha za minada huuandika kama kasoro tu.

Aidha, jina "Sunderland" lenyewe linahitaji tahadhari. Mng'ao wa waridi ulitengenezwa pia Staffordshire na Newcastle, na vyombo vingi havina alama ya kiwanda. Rangi pekee haitoshi kuthibitisha asili.

Hata hivyo, si haki kuwabeza wakusanyaji. Vyombo hivi vilikuwa vya bei nafuu, na bila wao vingi vingetupwa. Pia si kila kufifia ni ushahidi wa matumizi ya awali, kwa kuwa usafishaji wa baadaye huweza kuondoa mng'ao. Jambo la kuchunguza ni mahali palipofifia: mpini na mdomo huashiria mkono wa mtumiaji, ilhali kufifia kwa chombo kizima huashiria zaidi usafishaji.

Kwa kuhitimisha, uhakiki huu unapendekeza kwamba maelezo ya kila chombo yabainishe mahali mng'ao ulipofifia, badala ya kutaja kiwango cha uharibifu pekee. Bila hivyo, kabati la mkusanyaji litaendelea kutunza hasa vyombo ambavyo wenyewe hawakuvitumia.